Filimbi Bubu ya Binti wa Fundi Baiskeli

Papo kwa papo kamba hukata jiwe. Wahenga walituachia neno hilo wakiwa na maana kwamba jambo gumu halishindwi kwa nguvu za siku moja, bali kwa juhudi ndogo isiyokoma. Wengi wetu huikubali methali hii kwa midomo tu. Mikono yetu ina haraka zake. Hivyo ndivyo alivyokuwa fundi baiskeli mmoja, mtu wa watu, mwenye mikono isiyojua kiasi. Nati aliyoikaza yeye haikufunguliwa na mwingine.

Mtoto wake wa mwisho, ambaye mtaa mzima ulimwita Kitinda, alikuwa msichana wa miaka kumi na minne, mpiga tarumbeta katika bendi ya shule. Alipoanza kurefuka ghafla, uti wake wa mgongo ulipinda. Bega moja likapanda, lingine likashuka, na mbavu za upande mmoja zikabonyea. Daktari alimvisha mkanda mgumu wa plastiki ili mgongo usizidi kupinda. Mkanda aliuvumilia. Kilichomshinda ni pumzi. Ngazi za shule zilimwacha akihema, na ile sauti ndefu ya kufungia wimbo wa bendi, ambayo siku zote ilikuwa yake, sasa ilimkatikia njiani.

"Mwanangu," mwalimu wa bendi alimwambia bila kumung'unya maneno, "kabla ya Siku ya Wazazi nitakusikiliza tena. Ikikatika, nafasi nampa mwenzako."

Kitinda alilia njia nzima.

Hospitalini, tabibu wa mazoezi, mama mmoja mcheshi mwenye viatu vya raba, alimpa kifaa kidogo mfano wa filimbi. Ndani yake mlikuwa na springi iliyoizuia hewa, hivi kwamba mtu alilazimika kuvuta pumzi kwa nguvu ndipo ipite. Pembeni palikuwa na kitufe cha kuzungusha ili kuongeza ugumu.

"Hiki hakinyooshi mgongo, tusidanganyane," alisema. "Kinatia nguvu misuli ya kuvutia pumzi. Asubuhi na jioni, bila kukosa. Mabega yatulie, mbavu zifanye kazi. Na ugumu nitauongeza mimi."

Kisha akamvua Kitinda mkanda, akauchukua mkono wa baba, akauweka juu ya zile mbavu zilizobonyea. "Wewe ndiye mlinzi wa hapa, fundi. Akivuta, zikusukume."

Kitinda akavuta. Baba hakusikia kitu kiganjani. Ilikuwa kama kushika gurudumu lisilo na upepo. Moyo ulimuuma.

Nyumbani kifaa kilipachikwa jina la filimbi bubu, kwa kuwa hakikutoa mlio wowote. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Lakini fundi alipofikiria siku zilizobaki, aliuona mwendo ule kuwa wa kinyonga. Asubuhi moja, binti yake akiwa bado anafungua mkanda, alikiokota kifaa, akakigeuzageuza, kisha akafanya alichozoea maisha yake yote: akakaza hadi mwisho.

"Leo vuta kisawasawa, mama," alisema. "Tumalize kazi mapema."

Kitinda, asiyejua lolote, alivuta. Mabega yakapanda hadi masikioni, mishipa ya shingo ikamsimama. Hakutaka kumvunja moyo baba yake, akavuta tena na tena, mpaka macho yakaingia giza akajikuta ameketi sakafuni. Kesho yake kifua kilimuuma, na hakutaka hata kukiona kifaa.

"Sitaki tena, baba. Waambie nafasi wampe huyo mwingine."

Maneno yale yalimchoma fundi. Hakungoja siku ya miadi; alimchukua binti yake na kile kifaa, wakarudi hospitalini.

"Nani alikigusa hiki?" tabibu aliuliza.

Fundi aliinamisha kichwa. "Mimi. Nilidhani springi ni springi."

"Ee fundi! Mpira wa baiskeli ukiwa mtupu, unaujaza kwa mpigo mmoja wa pampu?"

"Hapana. Kidogo kidogo, huku naubonyeza."

"Sasa mbona mwanao unataka kumpasua?"

Fundi alicheka, ingawa machozi yalimlenga. Akamgeukia binti yake. "Nisamehe, mama. Haraka ilikuwa yangu, maumivu yakawa yako."

"Tutaanza upya," Kitinda alijibu, "lakini kitufe usikiguse."

Tabibu alikilegeza kifaa kuliko hata siku ya kwanza, nao wakaanza upya. Kila asubuhi kabla ya kufungua karakana, fundi aliketi juu ya kigoda nyuma ya binti yake aliyeuvua mkanda, kiganja mbavuni. Kitinda alijitazama kwenye kioo, akiyachunga mabega yasipande. Zilikuwapo siku alizoamka mvivu, na baba akamtania, "Vipi, mbavu zimegoma?" Zilikuwapo pia siku ambazo mikono ya baba iliwashwa na kile kitufe, akaisokomeza mifukoni.

Asubuhi moja kiganja chake kikasukumwa, kidogo tu, kama mtu anayeomba njia.

"Hebu vuta tena," alinong'ona.

Kikasukumwa tena. Fundi alipiga ukelele wa furaha hata mkewe akatoka jikoni mbio, mwiko mkononi, akidhani kuna moto.

Siku ya kusikilizwa ilipofika, fundi alisimama nje ya dirisha la chumba cha bendi, mikono bado ina grisi. Kitinda alishusha mabega, akavuta pumzi, akaianza sauti ndefu. Baba naye, bila kujua, akabana pumzi yake. Sauti ikaenda, ikapita pale ilipozoea kukatika, ikazidi kwenda. Fundi alishindwa kwanza. Alikohoa akashika ukuta, na binti yake bado anapiga.

"Nafasi ni yako," mwalimu alisema. "Kumbe mgongo umenyooka?"

"Hapana, mwalimu. Mgongo ni uleule," Kitinda alijibu akitabasamu. "Pumzi ndiyo nyingine."

Dirishani, fundi aliitazama mikono yake iliyozoea kukaza kila kitu hadi mwisho, akacheka peke yake. Sasa aliamini kwa mikono, si kwa midomo tu: papo kwa papo kamba hukata jiwe.