Mteremko Hausomi Boksi

Mteremko hausomi boksi. Vijana watatu wa chuo cha ufundi waliusikia msemo huo kinywani mwa dereva mmoja, wakacheka, kisha wakamwuliza Mzee Hozza, mshonaji wa viti vya magari, umetoka wapi. Mzee alimaliza kwanza uzi uliokuwamo sindanoni. Halafu akasema: "Kaeni. Chanzo chake ni hiki."

Huko milimani, katika mji wa Kwemtindi, aliishi mtu aitwaye Mbaruku Shemdoe. Alikuwa na pikapu ya bluu aliyoinunua ikiwa imeshatumika, na aliipenda kama mtu anavyompenda ng'ombe wake wa maziwa. Kwa pikapu hiyo alishusha kabichi na viazi hadi bondeni miaka sita mfululizo. Barabara ya huko ina kona zisizohesabika, upande mmoja mwamba, upande wa pili korongo. Ndiyo maana watu wa Kwemtindi walikuwa na desturi yao: fundi akigusa breki za gari, safari ya kwanza ya kushuka lazima aketi mbele, kando ya dereva. Hakuna aliyedai karatasi ya dhamana. Dhamana ilikuwa fundi mwenyewe na mbavu zake.

Sasa binti yake Shemdoe, Mwanaheri, alikuwa anaolewa bondeni siku ya Jumamosi. Shemdoe alikuwa ameapa mbele ya ukoo mzima kwamba atampeleka mwanawe kwa gari lake mwenyewe, na usukani ataushika yeye. Upande wa bwana harusi walikuwa na magari mazuri na walishajitolea kuja kumchukua bibi harusi. Akawajibu kwamba mbuzi wa Shemdoe hafungwi kwa kamba ya jirani.

Jumatatu ya wiki hiyo hiyo, breki zikaanza kulia. Fundi Kihiyo akavua gurudumu la mbele, akatoa pedi, yaani vile vipande vinavyoibana diski gari lisimame. Zilikuwa zimelika hadi kwenye chuma.

"Nunua mpya," fundi akasema. "Na hii kuukuu nenda nayo, wapimie."

Kwemtindi palikuwa na duka moja la spea, la Bi Mwajabu, mdogo wake mke wa Shemdoe. Aliuza spea za makampuni ya kila namna, zisizo za kiwanda kilichotengeneza gari. Bi Mwajabu alikuwa na ulimi wa upupu, na kwa kuwa Shemdoe ni shemeji yake, utani ulikuwa haki yake. Shemdoe akaona harusi ya binti yake si jambo la kupitia mdomoni mwa shemeji. Akapanda basi kwenda mjini, kwa wakala wa magari yale, mwenye spea za kiwandani.

Ile pedi kuukuu alikuwa ameifunga kwenye gazeti, ameitia mfukoni. Lakini alipofika kwa wakala akakuta sakafu inang'aa hadi unajiona meno, na vijana nyuma ya meza wamevaa mashati meupe. Akakiangalia kifurushi chake kinachovuja grisi. Akaona haya. Akakirudisha mfukoni, akataja jina la gari na mwaka wake tu. Kijana akatazama kitabu, akaleta boksi lililofungwa kwa lakiri ya kampuni. Lilikuwa ghali, na Shemdoe akalipa akiwa amenyoosha shingo. Njiani alilipakata boksi lile kama mtoto mchanga.

Fundi Kihiyo akalifungua, akajaribu pedi moja. Haikuingia. Akaigeuza, akajaribu tena.

"Mzee Shemdoe, uliwapimia ile ya zamani?"

"Ya nini? Hizo ni za kiwandani. Angalia lakiri."

"Nimeiangalia. Pedi ni nzuri, sina ubishi nayo. Ila gari lako si lile lililomo kitabuni mwao. Aliyekuwa nalo kabla yako alibadilisha breki zote za mbele, akafunga za gari la aina nyingine. Masikio ya pedi hizi, hizi ncha za pembeni, ni marefu kuliko nafasi yake."

"Basi yakate. Una tupa, una mikono."

"Kuyakata naweza. Zitaingia, zitacheza, na kitu kinachocheza kwenye breki iko siku kitakwama."

"Fundi, hizi ni za wakala. Unataka watu waseme nilisafiri kutwa nzima kufuata kitu cha kutupa?"

Kihiyo akaifuta mikono kwa kitambaa, taratibu. "Nitakata. Ila Jumamosi utashuka bila mimi."

Katika umri wake wote Shemdoe hakuwahi kumsikia fundi wa Kwemtindi akikataa kiti cha mbele. Neno lile lilimwingia chini ya mbavu. Na Mwanaheri, aliyekuwa ameleta chakula cha mchana na kusikia yote, akatua kikapu.

"Baba," akasema, "kama fundi hakai pale mbele, nani akae?"

Hakusema kwa ukali. Hilo ndilo lililomuuma zaidi baba yake. Shemdoe akalichukua boksi lake, akalifunga vizuri, akaliweka rafuni. Kisha akatoa mfukoni kile kifurushi cha gazeti. "Haya," akamwambia fundi, "twende tukatukanwe."

Bi Mwajabu alipowaona akaegemea kaunta. "Shemeji, karibu. Nimesikia ulikwenda kwenye maduka ya vioo. Walikupa na kiti ukakaa?"

"Walinipa."

"Mimi sina kiti. Nina pedi."

Akaleta boksi jekundu lenye picha ya simba na maandishi ya dhahabu. Kihiyo akatoa pedi, akaikwaruza ukingoni kwa bisibisi. Ikamwaga unga kama mhogo mkavu.

"Rudisha hii."

"Fundi, mbona boksi lake zuri hivyo?" Bi Mwajabu akauliza.

"Bibi harusi nimkalishe juu ya simba wa karatasi? Rudisha."

Shemdoe akacheka kwa mara ya kwanza siku ile, na shemeji yake naye ikabidi acheke. Akaingia ndani, akatoka na boksi la kaki lisilo na picha yoyote, jina la kampuni limeandikwa kwa herufi ndogo. Kihiyo akakwaruza, bisibisi ikateleza. Akailaza pedi mpya juu ya kuukuu. Masikio kwa masikio, tundu kwa tundu, zilikaa kama viganja vya mtu mmoja.

"Hizi," akasema.

Ijumaa mchana wakafanya safari ya kwanza. Fundi hakukubali gari lishuke tupu. Alitaka lishuke na uzito wa harusi. Wakabishana magunia mangapi ya viazi ni sawa na shangazi zake Mwanaheri, wakaafikiana saba, na wote wawili wakaapa kutomwambia mtu. Kihiyo akaketi mbele. Kona ya kwanza Shemdoe alitoka jasho. Kona ya tano akakuta lori la magogo limesimama njiani. Akakanyaga. Pikapu ikapungua mwendo, ikatulia, viazi havikusogea. Akageuka amwambie fundi. Fundi alikuwa amelala, mdomo wazi, kofia imemwangukia puani.

Shemdoe akakaa kidogo akimtazama. Moyo wake ukashuka mahali pake.

Jumamosi Mwanaheri akashushwa kwa gari la baba yake, shangazi wakiimba nyuma kona hadi kona. Bondeni wakapokewa kwa vigelegele. Mjomba wa bwana harusi, mtu wa magari mazuri, akamvuta Shemdoe pembeni, akainama kutazama gurudumu.

"Nasikia ulikwenda hadi kwa wakala. Hongera. Ndizo hizo humo ndani?"

Shemdoe angeweza kuitikia tu, na heshima ingekuwa yake. Alifungua kinywa ili aitikie. Kisha akamtazama mwanawe akishuka garini, mzima, nguo haina hata kunjo.

"Hapana," akasema. "Za wakala ziko rafuni kwa fundi, nzima, zinasubiri gari lao. Hizi ni za boksi la kaki, kutoka kwa shemeji yangu. Zilipimwa zikaenea. Mteremko hausomi boksi, bwana."

Shangazi mmoja alilidaka neno hilo, akalitia katika wimbo, na kabla ya jua kutua bonde zima lilikuwa likiliimba.

Mzee Hozza akatunga uzi mpya. Kijana mmoja akauliza: "Kwa hiyo, babu, tusinunue kwa wakala?"

"Nani kasema? Shemdoe alirudi kwa wakala mara nyingi baada ya hapo. Ila kila mara aliiweka spea kuukuu mezani kwao, na grisi yake, akasema: pimeni. Mwanangu, nunua popote, lakini ipime, ikwaruze, na umtazame fundi kama atakubali kuketi nawe. Ukishaikata kona ya kwanza hutakuwa na mtu wa kumwonyesha lakiri. Mteremko hausomi boksi."