Kilele cha Mkindu

"Mkata kilele cha mkindu hulalia udongo." Ndivyo Mzee Mtoro alivyomwambia yule kijana mchoma mkaa, nanyi mkacheka, kisha mnakuja kuniuliza mimi methali hiyo imetoka wapi. Haya, kaeni. Na wewe Shomari, acha kuzichezea kunde zangu, zipukuchue. Ilianza hivi.

Kwetu Mtondoo, kando ya mto, mikindu ilikuwa imesongamana. Wanawake walikata makuti machanga, wakayaanika, wakayachana, wakasuka ukili na kushona mikeka. Mwiko ulikuwa mmoja: shina likitoa makuti mawili machanga, chukua moja, ubakize nduguye. Kilele hakiguswi, maana shina lililokatwa kilele halichipui tena. Na mizizi ya mikindu hiyo ndiyo iliyoushika ukingo wa mto.

Palikuwa na fundi mmoja, mjane, jina lake Somoe. Mkono wa Somoe, wacheni! Mkeka wake ukitandikwa, watu walisita kuukalia. Binti yake wa pekee, Mwanaidi, alikuwa ameshaposwa, na desturi yetu bibi harusi haondoki bila mkeka uliosukwa nyumbani kwao. Wa kuazima haufai, wa kununua ndiyo kabisa. Akienda mikono mitupu, ukweni watasema hana kwao.

Mwaka huo akaja mchuuzi kutoka mjini. Huyu hakutaka mikeka, alitaka ukindu mbichi, mzigo kwa mzigo, na alilipa papo hapo. Somoe akawaza: mkeka mmoja unanikalisha mwezi mzima, mzigo wa ukindu naukata asubuhi moja. Akaacha kusuka. Akawa anachukua makuti yote mawili, na yalipokwisha akapeleka panga kwenye kilele. Wenzake nao wakafuata.

Jirani yake, Bi Mwanamvua, alimkuta huko huko bondeni.

"Somoe mwenzangu, na huyo mtoto utamsukia nini?"

"Harusi bado, dada. Mikindu yote hii itaisha?"

"Haya. Mimi simo."

Ikaisha. Mashina yakakauka yamesimama. Masika yalipoingia, ukingo ukamomonyoka na mto ukala shamba la mpunga la Somoe. Fedha ya mchuuzi ikaishia kwenye chakula, na chakula kilipopungua Somoe akauza mikeka ya akiba, mmoja baada ya mwingine. Mchuuzi alikuwa ameshahamia bonde jingine. Hata kuaga hakuaga.

Harusi ilipokaribia, Somoe alizunguka bonde zima akarudi na kuti moja. Alilia, na alistahili kulia.

Siku ya kumchukua bibi harusi, wakwe walikaa barazani. Shangazi wa bwana harusi akauliza, "Mkeka wa mtoto uko wapi?"

Somoe akaingia chumbani, akakunja mkeka wake wa kulalia, ule aliosukiwa na marehemu mama yake, wa mwisho uliobaki. Akaukung'uta, akampa Mwanaidi.

"Mama, na wewe je?"

"Nenda, mwanangu. Huu umesukwa nyumbani kwenu."

Shangazi akaupapasa ule ukili mzee, akatikisa kichwa kukubali. Vigelegele vikapigwa, Mwanaidi akaondoka na heshima yake.

Kesho yake Bi Mwanamvua alikwenda kumjulia hali, akamkuta ukingoni anapanda miche ya mkindu, mavumbi ya sakafu bado yamemganda mgongoni. Akataka kumwazima mkeka. Somoe akakataa, akasema atalalia wa kwake utakaotoka katika mikindu ile anayoipanda.

Mkindu hauna haraka, wajukuu zangu. Ilipita miaka, na kila asubuhi majirani walipompitia na kumuuliza, "Umelalaje, Somoe?" hakujibu salama kama watu wengine. Alikuwa na jibu moja tu:

"Mkata kilele cha mkindu hulalia udongo."