Vidole Viwili vya Sultani

Hapo zamani, televisheni ilipokuwa moja tu mji mzima, nayo ya Sultani, kila alasiri Sultani huyo aliipa picha alama kwa vidole vyake. Akiinua vitatu, mawaziri wote huinua vitatu. Ikawa hajapata kuvuka vinne hata siku moja.

Basi akachoka, akamfunga fundi wake wa televisheni, Mashavu. "Utatoka," akamwambia, "siku nitakapoona picha iliyo sawasawa na kitu chenyewe."

Mashavu alikuwa na kaka, Shekue, hana kazi hana senti, na watu wakimwita punguani. Dada yake huyo ndiye aliyekuwa akimlisha. Basi Shekue akaenda barazani.

"Seyidi, picha hiyo ninayo. Nipe kasha la televisheni mbovu na pazia."

"We punguani! Na isipokuwa nzuri?"

"Nifunge na mimi. Nasikia huko wanapika."

Akapewa. Shekue akalitoa kasha matumbo yote, kioo na nyaya, akalipachika kwenye dirisha linalotazama ua wa jikoni, ambako Sultani hajakanyaga tangu azaliwe. Pembeni akaziba kwa pazia.

Alasiri ikafika, Sultani akaketi. Ndani ya kasha akaonekana mwanamke ananyonyoa kuku.

"Mh! Rangi imefifia," akasema Sultani. "Kuku mwenyewe hafanani na kuku."

"Hafanani kabisa, Seyidi!" wakaitikia mawaziri.

"Na huyo mama amekuwa bapa kama chapati."

Vidole viwili vikainuka baraza zima. Shekue akajikuna sikio. Alikuwa akimngoja mama huyo, Bi Riziki, mpishi, ambaye hajaumbwa kusemwa akatulia.

Mara mwanamke akatoa kichwa nje ya kasha, na mkono, na kuku.

"Nani bapa? Rudia nikusikie!"

Mawaziri wakaingia chini ya mazulia. Sultani akabaki na unyoya puani.

"Seyidi," akasema Shekue, "ulitaka picha sawasawa na kitu chenyewe. Hiki ndicho chenyewe, nawe umekipa viwili. Dada yangu atatoa wapi cha kukishinda?"

Sultani akamtazama mpishi, akamtazama kuku, akapiga chafya, kisha akacheka mpaka kilemba kikaanguka. Akaamuru Mashavu afunguliwe saa ile ile, na Shekue ale jikoni maisha yake yote.

"Na mimi?" akauliza Bi Riziki. "Vidole vingapi?"

Sultani akainua vyote kumi. Chini ya zulia, mkono wa waziri mkuu ulikuwa bado umesimamisha viwili.