Sifa ya Tano ya Makubadhi ya Sultani

Hapo zamani, katika mji wa Kisarani, palikuwa na Sultani aitwaye Sufiani, mtu karimu, mcheshi, mwenye kupenda watu. Ila alikuwa na maradhi mamoja yasiyo na dawa, nayo ni kupenda kusifiwa. Na maradhi haya, mwenzangu, yakimshika fukara humtesa yeye peke yake, lakini yakimshika mfalme, mji mzima huugua.

Basi Sultani Sufiani alifungua karakana ya makubadhi, akawaamuru mafundi wote wa ngozi washone humo, na pasiwe na mtu mwingine wa kuuza kiatu ila yeye. Mafundi walikuwa hodari, sikatai. Lakini Sultani alitaka jozi mia kila wiki, na ngozi haijui amri. Ngozi yataka kulowekwa, kukandwa mafuta, na kungojwa. Wao wakawa wanaianika juani siku mbili kisha wanaikata ingali kavu kama ubao. Makubadhi yakatoka mazuri ya kutazama, mekundu, yenye nakshi za uzi wa manjano. Mguuni sasa, la haula! Gidamu ilikata katikati ya vidole, ukingo ulichuna kisigino, na mtu akienda kisimani na kurudi alikuwa na malengelenge makubwa kama kunazi.

Sultani hakuyajua hayo, kwa kuwa yeye alivaa viatu vya mahameli vilivyotoka Bara Hindi, na kila aendako alibebwa kitini. Alichokijua yeye ni kitabu. Kwenye lango la soko alimweka karani wake, jina lake Nassibu, pamoja na kitabu kinene, na kila aliyenunua makubadhi aliulizwa kabla ya kutoka, "Je, umeyaonaje?" Watu wakajibu kwa adabu, wakasema mazuri, maana nani atamwambia mfalme kwamba kiatu chake kinauma? Na kila alasiri kitabu kikasomwa barazani, Sultani akasikiliza macho kayafumba kwa raha.

Hata siku moja fundi mmoja wa kupaka chokaa alipoulizwa akasema, "Yanafaa," akaenda zake. Karani akaandika vivyo hivyo. Sultani aliposomewa, chakula kikamshinda.

"Yanafaa?" akanena. "Yanafaa tu? Nimemkosea nini mtu huyu?"

Akakosa raha siku tatu, na siku ya nne ikapigwa mbiu ya mgambo: kila anunuaye makubadhi ya Sultani hatatoka langoni mpaka atoe sifa tano, askari wakisikia. Si nne, tano! Mwenye kutoa nne amemtukana Sultani, na hapiti, hata angekuwa ndugu yake wa tumbo moja.

Ikawa taabu juu ya taabu. Nassibu naye aliambiwa kwamba sifa ikipungua, fimbo zitaongezeka mgongoni mwake, basi akawa mtu wa kubembeleza mchana kutwa: "Mama yangu, nakuomba, moja tu imebaki. Sema hata yananukia!" Wala mambo hayakuishia langoni. Siku ya tatu tarishi alibisha hodi nyumbani kwa mnunuzi: "Sultani akusalimu, auliza makubadhi yaendeleaje?" Siku ya saba akarudi. Siku ya arobaini akarudi tena. Wazee wazima wakawa wakisikia hodi wanaingia uvunguni. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu mgema wetu alikuwa anawakaba watu koo wamsifu, na maji kashatia zamani.

Sasa, mjini humo palikuwa na mkunga mmoja tu, Bi Mashavu, mwanamke mtu mzima, mnene, asiyejua kupindisha maneno. Akanunua makubadhi apate kwenda kuzalisha mashambani, kwenye miiba, akayavaa pale pale sokoni huku akitafuta samaki. Alipofika langoni kisigino kilikuwa kinatoka damu.

"Sifa tano, Bi Mashavu," akasema Nassibu.

"Haya. Ni mekundu. Yameshonwa kwa uzi. Yako mawili. Yanalingana."

"Hizo ni nne, mama. Ya tano?"

"Ya tano, yameniuma."

Nassibu akashika kichwa. "Bi Mashavu, usiniue!"

"Mwanangu," akasema Bi Mashavu, "nimepokea watoto wa mji huu miaka arobaini, wala sijamwambia mzazi kapata mtoto wa kiume naye kapata wa kike. Leo nianze uongo kwa ajili ya ngozi ya ng'ombe?"

Basi askari wakamtia katika chumba cha lango, mpaka atakapoitoa sifa ya tano. Akakaa humo siku mbili, akila tende na kuwagombeza askari.

Na palikuwa na mtu fukara hohehahe aitwaye Chande Peku. Jina la Peku alipewa kwa sababu tangu kuzaliwa mguu wake haukuonja kiatu. Kazi yake kufuma vikapu, na faida yake maneno. Maana alikuwa na ulimi mwepesi, na watu walimwona mpumbavu mpaka walipofika nyumbani wakayafikiri aliyoyasema. Mkewe, Mize, alikuwa na mimba ya kwanza, iliyokuja baada ya miaka saba ya dua. Asubuhi ya tatu tangu Bi Mashavu kufungiwa, Mize akashikwa na uchungu.

Chande akakimbia mbio mpaka lango la soko, akaita dirishani. Bi Mashavu akamsikiliza, uso ukambadilika.

"Mimba ya kwanza haina haraka," akasema. "Mwambie mkeo atembetembee uani. Lakini nilimpapasa kabla sijafungiwa humu, Chande, na mtoto amekaa upande. Anataka kugeuzwa kwa mikono, na mikono inayojua ni hii. Jua likichwa kabla sijafika, sisemi neno."

"Basi itoe hiyo sifa, mama yangu!"

"Naitoa! Kwa ajili ya Mize nitasema hata yanaimba kaswida." Akageukia mlango. "Nyie askari! Ya tano hii hapa: ni laini!"

Askari wakatikisa vichwa kwa huzuni. "Umechelewa, Bi Mashavu. Sultani ameambiwa maneno yako, ameapa. Sasa neno ni lake mwenyewe."

Chande hakungoja. Akaenda moja kwa moja hadi kwa Sultani, miguu imejaa vumbi.

Na siku hiyo ilikuwa siku ya kuuzunguka mji. Desturi yao ya mwaka mpya, fahali mweusi hutangulizwa kuuzunguka mji mzima, wanazuoni wakifuata kwa dua, na nyuma yao Sultani kwa miguu yake mwenyewe. Siku hiyo habebwi wala hapandi mnyama. Kisha fahali huchinjwa, kila mtu akapata nyama, na mabaya ya mwaka yakaondoka. Fahali alikwisha kufungwa kamba nje. Sultani alikuwa barazani akivishwa joho, na Nassibu yupo na kitabu chake.

Chande akapiga magoti. "Maulana, mke wangu ana uchungu, na mtoto amekaa upande. Nakuomba mkunga wangu. Sina la kukupa, ila nakuomba."

Sultani akaingiwa na huruma, ikaonekana. Lakini huruma na majivuno vikikutana mlangoni, majivuno ndiyo yajuayo kupiga kikumbo.

"Ewe Chande," akanena, "nimekwisha apa. Mwanamke huyo amesema watu wangu wananisifu uongo. Hatatoka mpaka itolewe sifa ya tano badala ya ile yake, nayo iwe haijapata kuandikwa katika kitabu hiki, na iwe kweli tupu. Wewe watu wanasema una maneno. Ilete sasa hivi. Ukishindwa, utaingia chumba hicho hicho ukamtazame mkunga wako."

Wakubwa wa baraza wakacheka, maana kitabu kilikuwa na sifa elfu kadhaa, na iliyobaki duniani haikujulikana.

Chande akamgeukia Nassibu. "Karani," akasema, "imo kwamba ni laini?"

"Ni laini kama pamba, kama siagi, kama shavu la bibi harusi," akajibu Nassibu. "Zote zimo."

"Imo kwamba yanaponya?"

"Baridi yabisi, kikohozi na wivu."

"Imo kwamba mtu akiyavaa hafiki alikokwenda kabla hajatamani kurudi?"

Nassibu akatazama kitabu, kisha akatazama mgongo wake wa baadaye. "Hiyo tusiitafute," akasema.

"Basi tafuta hii," akasema Chande. "Imo kwamba haya ndiyo makubadhi ayavaayo Sultani Sufiani mwenyewe?"

Nassibu akafunua, akafunua, akafunua. "Haimo," akasema.

"Maulana," akanena Chande, "hiyo ndiyo sifa ya tano. Duniani kiatu kitapata sifa gani kubwa kuliko hiyo?"

"Lo!" akasema Sultani, uso umemchanua. "Tamu! Katika watu elfu hakuna aliyeifikiri. Andika, karani!" Nassibu akachovya kalamu, kisha mkono ukasita. Macho yake yakashuka taratibu mpaka kwenye viatu vya mahameli. Na macho ya baraza zima yakashuka pamoja naye.

"Kwamba ni mpya, kitabu kimeshuhudia," akasema Chande kwa unyenyekevu. "Kwamba ni kweli, mimi mtembea peku siwezi kitu. Ukweli wake uko katika miguu ya bwana wangu."

Sultani angesema nini? Akikataa, amesema kwa kinywa chake kwamba makubadhi yake hayamfai mtu. "Leteni jozi!" akaamuru. "Nami nitauzunguka mji nayo, watu wote waone. Nikimaliza, sifa imetimia, na mkunga atatoka." Chande akaliangalia jua, akafuata nyuma.

Wakatoka. Nassibu akatangulia mbio kurudi kwenye zamu yake langoni. Fahali mbele, dua katikati, Sultani nyuma, na watu kando ya njia wakishangaa kumwona mfalme wao na makubadhi mekundu. Hadi pembe ya kwanza ya mji Sultani alikwenda kifua mbele. Kufika ya pili, akawa amekunja uso. Baadaye akaanza kutembea kwa ncha za vidole, kisha kwa visigino, kisha kwa kando za miguu, na fahali akawa anatangulia mbali wanazuoni wakimvuta asubiri. Wote walijua, kila mmoja alikuwa na kovu lake. Na hakuna aliyethubutu kucheka, ingawa mbavu ziliuma.

Hata wakafika lango la soko. Na mazoea, jamani, yana taabu. Nassibu alikuwa kasimama pale mwaka mzima, akiona makubadhi mapya yanakuja mdomo unafunguka wenyewe. Akanena, "Sifa tano, tafadhali," kisha akatambua aliyemwambia, akatamani ardhi ipasuke.

"Unanijua mimi ni nani?" akasema Sultani.

"Nakujua, maulana," akasema Nassibu. "Na mbiu ni yako. Hata ndugu wa tumbo moja."

Chande akasogea, maana jua lilikuwa limeinama. "Maulana, akipita mtu na nne ni matusi. Nakuomba uzitoe upesi, mke wangu yuko peke yake."

Sultani akavuta pumzi. "Ni mekundu," akasema. Karani akaandika. "Yana... yana gidamu. Zote mbili." Karani akaandika. "Yanalia njiani, mwenye kuyavaa hawezi kukujia kwa kunyemelea." Akafikiri sana. "Hayajakatika, ingawa nimeomba." Akatazama mbinguni, akatazama fahali, hakupata kitu. Mwishowe akaketi juu ya jiwe la langoni, mbele ya watu wote, akayavua makubadhi moja baada ya jingine, akayaweka kando, akasema "Alhamdulillahi!" kwa sauti iliyotoka tumboni.

"Andika ya tano," akanena. "Yanavulika!"

Ndipo kicheko kikatoka dirishani mwa chumba cha lango, kicheko cha Bi Mashavu. "Iandike hiyo, karani!" akapiga kelele. "Ndiyo ya kweli ya kwanza humo kitabuni!"

Sultani akamtazama, akaitazama miguu yake mwenyewe iliyochunika, na kicheko kikamshinda naye. Akacheka mpaka kilemba kikamwinamia sikioni, na mji mzima ukacheka, kicheko cha mwaka mzima kilichokuwa kimewekwa.

"Mfungulieni," akanena, akifuta machozi. "Mzunguko sijaumaliza, lakini mkunga asingojee miguu yangu."

Bi Mashavu akatoka, wala hakungoja radhi. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, maulana," akasema akipita. "Miguu itie katika maji ya chumvi." Akaishika khanga yake, akaenda mbio peku, na Chande mbele akimfungulia njia.

Sultani akainuka, naye peku, akaumaliza mzunguko hivyo hivyo. Watu walipoona hivyo wakayavua yao, wakayaacha kando ya njia, wakafuata. Hata jua lilipokuwa bado kitambo kidogo kuchwa, fahali kachinjwa, Chande akaja akikimbia, hawezi kusema, anacheka na kulia pamoja. Mtoto kageuzwa, kazaliwa salama, wa kike. Na Mize mzima, kaomba supu.

"Mpelekeeni mzazi paja zima," akasema Sultani. "Na wewe Chande, omba utakalo."

"Naomba tarishi asije kuniuliza nyama ilikuwaje," akasema Chande.

Sultani akainamisha uso, na safari hii hakucheka. "Miezi yote hiyo," akanena polepole, "nimekusanya maneno ya watu, wala sikumwuliza mtu hata mmoja." Siku hiyo hiyo akawarudishia mafundi vibanda vyao, waloweke ngozi kwa muda ngozi itakao, akampa Chande nyumba ya mawe na ng'ombe wawili wa maziwa. Na karani akaambiwa aketi langoni na karatasi tupu, mwenye neno aseme, asiye nalo apite.

Hekaya yangu ndiyo hiyo. Kama imekupendeza, kheri. Kama haikukupendeza, mlango uko wazi na mimi sikusimama hapo na kitabu.