Kiwavi Aliyelishwa na Hondohondo

Hapo zamani za kale, enzi ambazo hata wadudu walipigiana hodi, aliishi kiwavi mmoja wa kike jina lake Kijiti. Alikuwa mtoto wa nondo, wale nondo wajenzi ambao ukoo wao umetapakaa kila penye migunga. Nanyi mmekwisha kuwaona mara nyingi, ila mlidhani mnaona kuni.

Maana Kijiti alikuwa fundi, nawaambia. Alipoanguliwa tu, kabla hajaonja jani, alijifumia mfuko kwa uzi wa hariri uliotoka mdomoni mwake, akabandika vijiti na miiba kwa nje, akaingia. Kila alipokua aliongeza vijiti. Akitaka kuhama, alitoa kichwa na miguu ya mbele, akaiburuta nyumba nzima. Sisi tukihama tunaazima mkokoteni.

Asubuhi moja alikuwa ametoa kichwa anatafuna majani, tawi likayumba. Hondohondo alikuwa ametua, na mdomo wake mkubwa kama panga. Kijiti akajirudisha ndani upesi, lakini alikuwa ameshaonekana.

Ngo! Ngo! Ngo!

Nyumba ikatikisika. Kijiti alijua pigo la nne au la tano lingeivunja, na yeye angekuwa kifungua kinywa. Lakini alijua pia mila ya kina Hondohondo. Mke wao akitaka kutaga, huingia kwenye tundu la mti, mlango ukakandikwa udongo, ukaachwa mwanya tu. Mume humlisha kupitia mwanya huo mpaka watoto wapate nguvu. Na mke aliyefungiwa hagongewi mlango. Hata adui hupita kwa adabu. Hondohondo huyu naye alikuwa amemfungia mkewe siku hizo, na msitu mzima ulikuwa umechoka kusikia anavyomtunza.

"Shemeji," Kijiti akasema kwa sauti ya uchovu, "hata wewe unamgongea mzazi aliyefungiwa?"

Hondohondo akasita. "Nani amefungiwa?"

"Mimi. Nina mayai humu."

Uongo mtupu! Hakuwa na yai hata moja, alikuwa na hofu tu.

"Mbona nimekuona umetoa kichwa unakula?"

"Ningefanyaje, shemeji? Mume wangu hajaleta hata jani tangu juzi. Si wote tuliojaliwa waume kama wewe."

Basi hapo alimpata. Hondohondo akatunisha kifua, akamlaani huyo mume asiyekuwapo, akaruka mpaka kwenye matawi ya juu. Akarudi na majani machanga, akayapenyeza mlangoni taratibu. Kesho yake akaja tena, na kesho kutwa. Kijiti akala akanenepa, akaongeza miiba ukutani. Mimi kila nikifika hapa namvulia kofia.

Siku zikaenda. Kisha Hondohondo akaanza kukuta majani ya jana hayajaguswa. Akadhani shemeji anaona haya, akazidi kuleta.

Nyumbani, mkewe akauliza kupitia mwanya kwa nini chakula kinachelewa na watoto wanalia. Hondohondo akamsimulia wema wake wote kwa majivuno.

"Mume wangu," mkewe akasema, "kiwavi ni mtoto. Mayai hutagwa na nondo. Wanao wana njaa, nawe unanenepesha kitoweo chetu, tena kwa heshima."

Hondohondo aliona aibu. Akaruka, vuu, vuu, vuu, mpaka mgungani.

Ngo! Ngo! "Toka, mwongo wewe!"

Nyumba haikusogea. Ilikuwa imefungwa tawini kwa hariri nene, na mlango umezibwa, umeachwa mwanya tu.

"Siku ile nilikudanganya, shemeji," sauti ndogo ikajibu, "maana ungenila. Lakini leo ni kweli. Tazama majani."

Hondohondo akatazama. Tawi lote lilikuwa zima, hata majani laini kabisa. Kiwavi gani angeweza kuyaacha? Ndivyo walivyo nondo wa ukoo ule: jike akipevuka hana mbawa, wala hali chakula tena. Dume ndiye anayeruka kuja kumwoa mlangoni, naye jike hutaga humo humo ndani ya nyumba aliyoijenga utotoni.

Hondohondo aliinua mdomo wake. Pigo moja tu lingetosha kulipiza wiki zote zile. Akamkumbuka mkewe nyuma ya udongo, akaushusha.

"Niwie radhi, mzazi," akasema, kisha akaenda kuwatafutia wanawe panzi.

Siku mayai yalipoanguliwa, vitoto mia kadhaa vilimiminika mgungani, kila kimoja kikaanza kufuma nyumba yake, na Hondohondo akapita juu yao akijifanya haoni.

Hapo ndipo pa kutulia, watoto wangu, na funzo lake ni hili: mdogo akijua mkubwa anaheshimu nini, hahitaji kushindana naye kwa nguvu.