Muhanga, Mgeni wa Miaka Saba

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa jembe. Nani kalishika?

Muhanga!

Na maji kanywa nani?

Ngiri!

Haya, mmekwisha niharibia hadithi. Sogeeni tu.

Hapo kale, kale hasa, Muhanga alivuka mto, mwanawe mgongoni, akaingia nchi ya Ngiri. Siku mbili akakirimiwa. Ya tatu Ngiri akampa jembe, kama ada ilivyo.

Muhanga akachekelea. "Mwanangu, tumekuwa wenyeji!"

Akalima karanga, akalima, akalima. Mnunuzi alikuwa Korongo wa ng'ambo, na fedha akipokea Ngiri. Yeye alivuka mipaka apendavyo, wala hakuulizwa kwao wapi. Ataulizwaje, na mfuko unaning'inia shingoni?

Mwaka wa saba mto ukakauka. Kikabaki kisima kimoja, alichochimba Muhanga kwa kucha zake. Akaenda na kata ya kutekea maji.

"We mgeni, wapi?" Ngiri akamzuia. "Hiki cha wenyeji."

"Si nimekichimba mimi?"

"Kuchimba ni kazi, bwana. Kunywa ni uenyeji."

Mtoto alilia kwa kiu, ulimi mkavu kama ukuni. Muhanga akawaza.

"Kwa hiyo mimi mgeni?"

"Mgeni."

"Mgeni kweli?"

"Kweli!"

"Mgeni kabisa?"

"Mgeni wa kutupwa!"

"Basi, hodi!" Akatua jembe, akaketi na mwanawe barazani kwa Ngiri. "Mgeni hupewa maji kwanza."

Ngiri angesemaje, na majirani wanatazama? Akaleta maji. Siku ya pili akaleta maji na wali. Ya tatu akaja mbio na jembe.

"Siku ya tatu! Shika!"

"Nalishika kama nani?"

Karanga zilikuwa zikiliwa na mchwa. Korongo naye akatua. "Hamna mzigo? Basi naenda nchi nyingine."

"Mwenyeji!" Ngiri akanong'ona.

"Sisikii."

"Mwenyeji! Wewe na mwanao na wajukuu zako!"

Wote wakasikia. Muhanga akaenda kisimani kwanza. Mtoto akanywa, tumbo likajaa ndindindi. Ndipo akashika jembe.

"Haya, mwenyeji mwenzangu, la kwako liko wapi?"

Ngiri hakuwahi kuwa na jembe lake; alilokuwa nalo ni hilo la kuwapa wageni. Akapiga magoti, akachimba kwa pua. Mkimwona leo kapiga magoti shambani, msidhani anasali.

Wanangu, umwitaye kwenye kazi, mwite na kwenye maji.

Hadithi nimeitua hapo. Ikiwa tamu, gawaneni; ikiwa chungu, niachieni chungu changu.