Staa Aliyerudi Banda la Video

Haki ya Mungu, wapendwa, sitaongeza neno hata moja! Nikiongopa, paa hili la kanisa linidondokee peke yangu, ninyi mpone.

Kulikuwa na mcheza filamu mmoja, mzaliwa wa mji kama huu wetu. Alitoka na begi la mgongoni, akafika Ulaya, akafika Amerika, akawa staa. Staa hasa. Akirusha ngumi kwenye picha, China nzima inainamisha kichwa.

Na huku nyumbani, mnakumbuka mabanda ya video? Enzi tamu zile. Magunia ukutani, jenereta inanguruma nje, karanga za moto mkononi, na jamaa kashika maiki anatafsiri kila kitu, mpaka farasi akilia anakwambia kasemaje. Siku hizi kila mtu na simu yake. Limebaki banda moja tu, la mtaani kwao staa.

Basi staa akarudi kumwona mama yake. Miaka yote hiyo hajapiga simu, hata kubipu. Majirani wakamwambia mama yuko bandani, anamfuata yeye mwanawe kwenye picha. Kifua kikamjaa. Akaingia, akamkuta bibi wa watu benchi la mbele, macho meupe, haoni kitu. Hilo hakulijua, maana hakuwahi kuuliza.

Akapiga magoti. "Shikamoo, mama. Ni mimi mwanao."

"Usinichezee, kijana. Sauti ya mwanangu naijua. Kaa hapo, utamsikia sasa hivi."

Akakaa. Angefanyaje? Picha ikaanza, staa katokea na bunduki yake. Yule wa maiki, kama kawaida yake kila wiki, akamsemea: "Mama, shikamoo. Umekula leo? Mguu unaendeleaje?"

"Marahaba, baba," mama akaujibu ukuta. "Nimekula. Mguu umepoa."

Staa akainama. Mguu gani? Hata hakujua kama unauma.

Sasa sisi, na mashati yetu ya pasi. Mama yako leo kasalimiwa na nani? Si ni mama wa genge la mboga, au jirani, ndiye anayetusemea kwa wazazi wetu? Na Mungu je? Tumemwachia mchungaji atuombee mwaka mzima. Siku tukibisha hodi wenyewe, tukasema "ni mimi", hiyo sauti ataijulia wapi, ikiwa hajawahi kuisikia?

Ila nawasihi, hili lisitoke nje ya mlango ule. Mama yule yu hai, hajui sauti ile ni ya nani, na Jumamosi picha ipo.